Maswali na Majibu: Gereji ya Nyumbani, Baiskeli na Nafasi ya Mazoezi

Barua tunazojibu safari hii zimetoka Tabora mjini, isipokuwa moja ya Kigoma. Zote zinazunguka jambo lilelile: chumba kilijengwa kwa ajili ya gari, gari halipo au linalala uani, baiskeli zimejazana humo, na sasa mwenye nyumba anataka apate pia mahali pa kunyoosha viungo. Barua ndefu tumezifupisha.

Baiskeli tano, chumba kimoja

*Gereji yangu ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, mlango mkubwa uko mbele. Gari sina. Zimo baiskeli tano: Phoenix yangu, ya kijana wangu anayekwenda nayo kazini kila siku, mountain baiki ya mke wangu na mbili za watoto. Kila nikizipanga upya, nafasi ya kutandika mkeka inakosekana. Nianzie wapi?* (Msomaji, Ipuli, Tabora)

Anza na mtu, ndugu yetu. Wengi hupanga baiskeli kwanza kisha wakatafuta pa kufanyia mazoezi katika nafasi iliyobaki, na kinachobaki huwa ni kona tatu zisizotosha hata kulala chali. Toa kila kitu nje asubuhi moja, fagia, halafu chukua chaki na futi kamba uchore sakafuni eneo la mtu mmoja: mita 2.2 kwa mita 2.5. Humo unaweza kulala na kunyoosha mikono juu ya kichwa, kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kuruka kamba. Jaribu mwenyewe ndani ya mstari. Ukigusa ukuta kwa ncha za vidole, ongeza sentimita 20. Baada ya hapo mstari huo uwe mpaka: baiskeli, debe wala gunia lisiuvuke.

Eneo hilo liweke karibu na mlango. Huko ndiko kwenye hewa na mwanga, na chumba cha bati bila dari huwaka joto kuanzia saa nne asubuhi, hasa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza. Nyuma ya chumba mtu hatadumu dakika ishirini.

Sasa baiskeli. Ile ya kijana, inayotoka kila siku, iegemee ukuta wa pembeni kwa urefu wake, jirani na mlango. Itachukua kama mita 1.85 kwa sentimita 65, na upana unaokubakia ni mita 2.35, unaotosha. Nne zilizobaki zipeleke ukuta wa nyuma, zisimame sambamba, moja ikitazama ukutani na ya pili ikitazama mlangoni, hivyo hivyo hadi mwisho. Kinachokula nafasi ni usukani, ambao una sentimita 55 hadi 60 kwa baiskeli za mtindo wa Phoenix na hufika 70 au zaidi kwa mountain baiki. Zikitazama upande mmoja, sukani hugongana, na kila baiskeli inadai sentimita 60 au zaidi. Ukizigeuza kwa kupishana, usukani wa moja unakaa juu ya keria ya jirani yake, na kutoka katikati ya baiskeli moja hadi katikati ya nyingine zinatosha sentimita 40. Hesabu ya nne ni 40 mara tatu, jumlisha 60 za kingo mbili: mita 1.8. Kwa kupanga kwa kawaida zingekula mita 2.4. Ikiwa keria ya Phoenix ni ile pana ya mizigo au ina mto wa abiria, mpe jirani yake sentimita 50. Za watoto zikae pembeni kabisa ili wasizivute katikati ya za wakubwa na kuziangusha zote.

Kwa hiyo nyuma umetumia kina cha mita 1.9. Mbele mtu anazo mita 2.5. Katikati inabaki mita 1.6, na hiyo usiijaze: ni njia ya kugeuzia baiskeli wakati wa kutoa. Baiskeli haipindi kama mtu anavyopinda, na ukiibana njia hiyo chini ya sentimita 80 utaanza kuburuza pedeli kwenye ukuta. Pembeni mwa baiskeli za nyuma kuna mita 1.2 ya upana, weka hapo rafu ya pampu, spana, viraka na gundi. Rafu ya kwanza ianzie sentimita 40 kutoka chini, ili uweze kufagia chini yake na kuona mchwa wakianza kujenga.

Kuhusu vishikizo vya chini, vile vya mbao ambamo unaingiza gurudumu: vinavyouzwa au kutengenezwa haraka haraka huwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15 tu. Hivyo vinashika chini kabisa ya tairi, na baiskeli ikisukumwa upande, uzito wote unapinda ringi na kulegeza spoku. Mwambie seremala afikishe kimo cha sentimita 35, gurudumu lishikwe sehemu mbili, mbele na nyuma. Uwazi uwe sentimita 5 kwa tairi la inchi moja na nusu, na sentimita 6.5 kwa tairi la mountain baiki la inchi 2 na kidogo.

Kulabu imeng'oka na lipu

*Nilitoboa ukuta nikaweka plagi za plastiki na skrubu, nikatundika baiskeli mbili. Siku ya pili moja ilianguka pamoja na kipande cha lipu kikubwa kama sahani. Ukuta ni wa tofali za kuchoma. Nitumie skrubu ndefu zaidi?* (Msomaji, Ng'ambo, Tabora)

Skrubu ndefu haitakusaidia mpaka ujue imeingia kwenye nini. Nyumba nyingi za mjini Tabora zina tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji, kisha zikapigwa lipu ya saruji nje na ndani. Ukitazama kwa macho ukuta unaonekana wa zege. Ukweli unautoa kwenye biti ya drili: toboa taratibu, bila kuwasha nyundo ya drili, na uangalie vumbi linalotoka. La kwanza ni la kijivu, hiyo ni lipu, nayo kwa kawaida ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili tu. Likifuata jekundu kavu na drili ikidai kusukumwa, umeingia kwenye tofali. Likiwa la kahawia, laini, na biti ikazama yenyewe kama kwenye unga, umetoboa kiungo cha udongo. Hapo hakuna plagi itakayoshika. Ziba, sogea sentimita 5 juu au chini, ujaribu tena.

Hata tofali lenyewe halifanani na jirani yake. Katika tanuri, tofali zilizokaa mbali na moto hubaki laini, na ukuta mmoja unaweza kuwa na zote mbili. Nyundo ya drili huzipasua kwa ndani usione, plagi inaingia vizuri, na baada ya siku chache za kutundika na kutundua inalegea. Bila shaka ndivyo ilivyotokea kwako.

Kwa ukuta wa namna hiyo ushauri wetu ni mmoja: sakafu ibebe uzito, ukuta uzuie tu fremu isianguke mbele. Fremu ya baiskeli tatu inahitaji nguzo mbili za mbao za inchi mbili kwa nne zinazofika usawa wa linta (mkanda wa zege unaopita juu ya mlango na madirisha), na mbao mbili za kulala, kila moja mita 1.5. Mbao ya juu ndiyo ya kulabu, ya chini ifungwe sentimita 50 kutoka sakafuni, ambapo gurudumu la nyuma litaegemea. Kila kiungo kipate bolti mbili za milimita 10 zenye urefu wa sentimita 12 na washa pande zote mbili, jumla bolti nane. Misumari isitumike kwenye viungo hivi, maana kila ukitundika baiskeli unakuwa unaipiga fremu kofi, na misumari hutoka kidogo kidogo.

Juu, kila nguzo ifungwe kwenye linta kwa bolti ya kutanuka ya milimita 10. Hesabu urefu wake: mbao sentimita 5, lipu 2, zege 7. Usikubali ya sentimita 10, itaishia kwenye lipu na pembeni kidogo mwa zege. Biti ikigonga nondo utasikia sauti ya chuma na haitasonga tena. Usilazimishe, hama sentimita 4. Nyumba isiyo na linta ipitishiwe bolti ukuta mzima, kwa bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 5, ndani na nje.

Chini ya nguzo mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee viatu viwili vya chuma vinavyoinua mbao sentimita 2 au 3 kutoka sakafuni. Mchwa wa Tabora wanajulikana. Hawatashindwa kupanda juu ya chuma, lakini watalazimika kujenga njia yao ya udongo mahali unapoiona ukipita na ufagio. Mbao ya mninga ni nzuri kwa kazi hii ikiwa umepewa moyo wa mti, ule wa kahawia. Kingo nyeupe za mninga huliwa kama mbao nyingine yoyote, kwa hiyo chagua kwa macho pale pale unaponunua. Oili chafu ambayo watu hupaka mbao tusingependa kuiona ndani ya chumba cha mazoezi: inanuka, inachafua ngozi na nguo, na inafanya mbao ishike moto upesi.

Kulabu ziwe za nondo ya milimita 10, zimekunjwa na kuchomelewa kwenye bamba lenye matundu mawili ya bolti, kisha zivishwe tyubu kuukuu ili zisikwaruze ringi. Achanisha sentimita 45, na ya katikati iwe juu ya wenzake kwa sentimita 20, sukani zipishane.

Kimo kinategemea baiskeli yako. Pima urefu wake wote kutoka tairi hadi tairi, toa sentimita 5, na kulabu za pembeni zikae kwenye kimo hicho: tairi la nyuma litagusa sakafu kidogo tu, na sehemu ya uzito itabebwa chini. Baiskeli ya mita 1.75 inapata kulabu ya mita 1.70. Hapo hata mtu mfupi hatundiki kwa kunyanyua. Anaisimamisha baiskeli kwa gurudumu la nyuma, anaisogeza, anaingiza ringi ya mbele kwenye kulabu.

Phoenix na jamaa zake ziache chini. Zina uzito wa kilo 20 hivi, lakini tatizo kubwa ni madigadi ya nyuma: baiskeli ikisimama wima, kinachogusa sakafu ni madigadi wala si tairi, nayo ikibeba uzito hujikunja na kuanza kusugua gurudumu. Kutundika kunazifaa mountain baiki na za watoto zisizo na madigadi kamili.

Kujivuta kwenye kenchi

*Gereji haina dari, kenchi zinaonekana. Vijana wanataka nifunge bomba la kujivuta juu huko. Kuna ubaya?* (Mama wa nyumba, Isevya, Tabora)

Upo, mama. Kenchi imepigwa misumari kwa kubeba bati na upepo. Mtu wa kilo 70 anayejivuta kwa kujirusha anaivuta chini kwa nguvu inayoweza kufika maradufu ya uzito wake, tena mahali pamoja, tena mara hamsini kwa siku. Viungo hulegea, bati zinaanza kuvuja kwenye misumari, na siku moja mbao ya chini inapasuka. Vitu vyepesi kama kamba na mipira vinaweza kuning'inizwa, ila karibu na viungo vya kenchi, kamwe katikati ya mbao iliyo tupu. Papi za kushikia dari hazibebi kitu.

Wajengeeni vijana nguzo zao. Mashimo mawili ya kina cha sentimita 60 na upana wa 30, nguzo za bomba la chuma la inchi 2, zege ya saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Bomba la kushika liwe la inchi 1 lenye unene wa milimita 3, na nguzo zisiachane zaidi ya mita 1.2. Dukani mtaonyeshwa bomba la unene wa milimita 1.5 kwa bei nafuu. Hilo litaanza kupinda katikati mapema sana. La inchi moja na nusu nalo ni nene mno kwa viganja vya vijana, mtu anachoka vidole kabla ya mgongo. Kimo cha mita 2.2 kinatosha, mradi juu ya bomba kuna angalau sentimita 40 za wazi, maana kichwa kinapanda juu yake. Msiruhusu mtu aning'inie kabla ya siku saba, na siku hizo zege imwagiwe maji asubuhi na jioni. Kama sakafu ya gereji ni nzuri na hamtaki kuitoboa, simamisheni uani.

Maji na kutu, Kigoma

*Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Mvua kubwa ikinyesha maji yanapita chini ya mlango wa gereji. Ringi na vyuma vya mazoezi vinashika kutu hata kiangazi. Jirani anasema ni chumvi ya ziwa.* (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Ziwa Tanganyika ni maji baridi, kwa hiyo hewa yake haina chumvi kama ya Pwani. Chumvi iliyopo humo chumbani inatoka kwenye jasho lenu. Baada ya mazoezi lowanisha kitambaa kwa maji safi, futa vyuma, kisha futa tena kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikavu peke yake kinasambaza chumvi tu.

Maji ya mvua yakamateni kabla hayajafika mlangoni. Chimbeni mfereji unaokatiza mbele ya mlango mzima, upana sentimita 15, kina sentimita 10 upande wa juu, ukiteremka angalau sentimita moja kwa kila mita moja kuelekea upande ambao maji yataondoka bila kumwangukia jirani wa chini. Uufunike kwa wavu wa nondo ili tairi lipite. Wengine hujenga kizingiti kirefu na kuacha mfereji. Maji hujikusanya nyuma ya kizingiti na kupenya chini ya msingi, hasara ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Unyevu wa kiangazi una chanzo kingine, na kipimo chake ni rahisi. Tandika nailoni safi ya mita moja kwa moja sakafuni, bandika kingo zote kwa gundi ya utepe, acha siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini, na vyuma na mikeka visikae sakafuni moja kwa moja, vipate mbao za kuinulia. Ukikuta matone juu yake, unyevu ni wa hewa: ongezeni matundu, mawili chini upande mmoja na mawili juu upande wa pili, ili hewa ipite chumba kizima.

Kutu nyepesi kwenye ringi za kromu hutoka kwa kusugua na karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, iliyolowekwa maji. Msasa unaondoa kutu na kromu pamoja, na mwezi unaofuata kutu inarudi kwa kasi zaidi. Mkishamaliza pakeni oili nyepesi, tone moja kwenye kitambaa, kwenye spoku na hasa pale spoku inapoingia kwenye ringi, ambapo kutu huanzia na ambapo spoku hukatikia. Ila msiguse sehemu ya ringi inayokutana na breki. Kwa baiskeli za breki za vyuma sehemu hiyo iko upande wa ndani wa ringi, unaotazama spoku. Kwa breki za waya iko ubavuni. Oili ikifika hapo, kwenye mteremko wa Mwanga baiskeli haisimami.

Kupiga pedeli bila kwenda popote

*Nina miaka 66. Daktari amenishauri mazoezi ya miguu, barabarani magari yamezidi. Baiskeli yangu ina stendi ya nyuma ya miguu miwili, gurudumu linaning'inia. Naweza kukaa nikapiga pedeli hapo hapo?* (Mstaafu, Gongoni, Tabora)

Shikamoo mzee wetu. Tunakuomba usikae juu ya stendi hiyo. Imetengenezwa kubeba baiskeli na mzigo ikiwa imetulia. Mtu akipiga pedeli, uzito unahama kushoto na kulia kila mzunguko, miguu ya stendi inafunguka au inajikunja, na unaanguka upande.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea stendi ya mazoezi kwa siku moja kwa chuma cha pembe cha milimita 40 kwa 40, unene 4. Miguu miwili ya kulala kwa upana, kila mmoja sentimita 70, iachane sentimita 60 na kuunganishwa kwa vyuma viwili. Juu yake nguzo mbili zinazoshika ekseli ya nyuma pande zote mbili, zenye umbo la V iliyopinduliwa zisicheze. Gurudumu la inchi 28 lina kimo cha sentimita 35 hivi kutoka sakafuni hadi ekseli, kwa hiyo shimo la ekseli liwe sentimita 39, gurudumu litaning'inia sentimita 4 hivi. Fundi baiskeli akuwekee ekseli ndefu zaidi ili nati zikazwe nje ya nguzo. Gurudumu la mbele likalie mbao ya unene uleule, vinginevyo utakuwa unateleza kuelekea usukani na viganja vitaumia.

Gurudumu likizunguka bure hakuna zoezi. Chukua mkanda wa turubai wa pamba wenye upana wa sentimita 4. Ncha ya mbele ifungwe kwenye stendi, mkanda upite chini ya tairi, ncha ya nyuma ipande hadi kwenye keria na kufungwa kwa kipande cha tyubu kinachovutika. Ukikaza tyubu, pedeli inakuwa nzito. Ukilegeza, inakuwa nyepesi. Tyubu iwe upande huo wa nyuma. Ukiiweka mbele, gurudumu litaivuta na kuiachia, miguu itapata mishtuko. Mkanda wa nailoni haufai, joto la msuguano linaulainisha na unaanza kuteleza. Tumia tairi lililochakaa, maana litalika.

Kiti kipandishwe mpaka mguu unyooke ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Unapopiga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limepinda kidogo, na ndivyo goti linavyotaka. Anza kwa dakika ambazo daktari amekupa, kwa wepesi wa kuweza kuongea huku ukipiga. Wajukuu wasikae karibu na gurudumu linalozunguka. Spoku hukata kidole, na cheni isiyo na kifuniko vilevile.

Vyuma vya kujitengenezea

*Tunataka kuinua uzito lakini vyuma vya dukani ni ghali. Tupeni vipimo.* (Vijana wawili, Cheyo, Tabora)

Dumu la lita 5 la maji ni kilo 5. Likijaa mchanga mkavu ni kilo 8 hivi. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege ni kilo tisa na nusu. Makopo mawili na bomba la inchi 1 la urefu wa mita 1.5 yanawapa kilo 22 hadi 23. Kabla ya kumimina, chomeleeni vipande viwili vya nondo vya sentimita 10 kwa mkato wa msalaba kila ncha ya bomba, ndani ya kopo. Bila msalaba huo zege ikikauka inasinyaa kidogo, bomba linaanza kuzunguka, halafu siku moja kopo linachomoka juu ya kifua cha mtu. Kopo la pili limiminwe siku inayofuata, huku la kwanza likiwa limefungwa juu na bomba limenyooka kwa pima maji. Yalowesheni siku saba. Pelekeni kwenye mizani ya dukani kila upande, na tofauti ikizidi nusu kilo, fungeni kipande cha nondo upande mwepesi.

Sakafu ya niru haipendi kuangushiwa zege. Wekeni vipande vya tairi kuukuu la gari vilivyolazwa, uso laini juu, chini ya mahali vyuma vinapotua.

Petroli na jenereta

*Gereji ndiyo stoo yetu ya dumu la petroli ya pikipiki, na umeme ukikatika jenereta huwashwa humo humo mlango ukiwa wazi. Mazoezi yanafanyika asubuhi, jenereta usiku. Inatosha kutenganisha saa?* (Msomaji, Kanyenye, Tabora)

Haitoshi. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mlango mmoja ulio wazi hauiondoi. Ikiwa gereji imeungana na vyumba vya kulala, inapenya kwenye dari na chini ya milango. Jenereta iwashwe nje, mita 6 au zaidi kutoka madirisha, chini ya kibanda kisicho na kuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na sakafuni ndiko mtu anayepiga pushapu anakovutia pumzi. Huko huko unaweza kukutana na cheche ya swichi au feni. Dumu lihamishieni kwenye kibanda cha uani chenye kivuli na kufuli, lijazwe usawa unaoacha nafasi ya petroli kutanuka kwa joto, na pikipiki ikirudi na injini ya moto ipoe nje kwanza ndipo iingizwe.